Ritifaa Mbele ya Ganda: Kuitayarisha Tarakilishi kwa Utafiti wa Matini za Kiswahili

Utangulizi

Mtafiti anayetaka kujua neno fulani limetumika mara ngapi katika riwaya kumi hawezi kutegemea kalamu na jicho pekee. Wengi hukimbilia programu za kuandikia, ambazo zinafaa kwa hati moja lakini huchosha pale hati zinapokuwa nyingi. Wachache hufungua kile kiwamba kisicho na picha, ambapo mtu huandika amri kwa maneno na kujibiwa kwa maneno. Makala haya yanawahusu hao wachache, pamoja na wale ambao waliwahi kujaribu wakakata tamaa. Yanadhamiria kuonyesha kwamba vikwazo vingi vinavyomkabili mtafiti wa Kiswahili humo vinaondolewa kwa mistari michache tu ya maandishi.

Programu inayopokea amri hizo huitwa ganda, kwa kuwa inakizunguka kiini cha mfumo na kumpa mtumiaji njia ya kukifikia. (Wapo wanaosema sheli, neno ambalo kwa wengine lina harufu ya petroli, ganda linafaa zaidi.) Ganda la Stephen Bourne lilitolewa pamoja na mfumo wa Unix mwaka wa 1979, na miaka kumi baadaye, yaani 1989, Brian Fox akatoa Bash, ambalo leo linapatikana katika mifumo mingi ya Linux. Hilo ndilo linalozungumziwa hapa.

Ng'ombe aliyekwama mlangoni

Tuseme mwanafunzi ana faili iitwayo riwaya.txt na anataka kuona kila mstari wenye neno ng'ombe. Anaandika:

    grep ng'ombe riwaya.txt

Hapati jibu. Badala yake ganda linamwonyesha alama ya > na kunyamaza. Akibonyeza kitufe cha kuingiza, alama ile inajirudia. Wengi hudhani tarakilishi imekwama, wakaizima. Kumbe ganda linasubiri. Katika sarufi yake, ritifaa ni alama ya usemi inayofunguliwa, na kila kinachofuata ni sehemu ya usemi huo mpaka ritifaa nyingine iufunge. Njia ya kutoka ni kubonyeza Ctrl pamoja na C, kisha kuliweka neno ndani ya alama za usemi maradufu: "ng'ombe".

Kukwama huku kunaudhi, lakini angalau kunaonekana. Hatari kubwa zaidi hutokea pale ritifaa zinapokuwa mbili. Mtafiti anayetafuta maneno mawili kwa pamoja anaweza kuandika:

    grep -e ng'ombe -e ng'ambo riwaya.txt

Hapo ganda halisubiri chochote. Ritifaa ya kwanza imefungua, ya pili imefunga, na zote mbili zimeondolewa. Kinachotafutwa ni mfuatano mmoja usio na maana, ngombe -e ngambo, ambao kwa hakika haumo katika riwaya yoyote. Matokeo ni kimya kitupu. Mtafiti asiyejua hili ataandika katika tasnifu yake kwamba mwandishi hakuyatumia maneno hayo, na msimamizi wake hatakuwa na njia ya kuligundua kosa.

Tatizo halitatuliwi kwa kuiacha ritifaa. Ng' ni konsonanti kamili ya Kiswahili, na kuipuuza alama hiyo kunabadilisha maana: ng'oa ni kitenzi cha kutoa kitu kilichoshika ardhini, ilhali ngoa ni wivu au tamaa. Kinachohitajika ni kuliandalia ganda mazingira yanayoiheshimu alama hiyo.

Ritifaa mbili zisizofanana

Kabla ya kufika huko, kuna jambo jingine la kuchunguza. Programu nyingi za kuandikia hubadilisha ritifaa iliyonyooka kuwa iliyopinda, bila mwandishi kuomba. Kwa msomaji ni alama ileile. Kwa tarakilishi ni herufi mbili tofauti. Hivyo basi, matini iliyokusanywa kutoka kwa waandishi mbalimbali huwa na ng'ombe wa aina mbili, na anayetafuta mmoja humkosa mwenziwe. Amri ifuatayo huzinyoosha zote na kuhifadhi matokeo katika faili mpya:

    sed "s/’/'/g" riwaya.txt > riwaya-safi.txt

Ikumbukwe kwamba alama moja ya kufungia usemi nayo itanyooshwa, jambo ambalo kwa kazi ya kuhesabu maneno ya ng' halina madhara makubwa.

Aidha, chombo cha kutafuta maneno mazima kina kasoro yake. Amri grep -w "oa" inakusudiwa kuleta neno oa peke yake, lakini huleta pia ng'oa, kwa sababu grep haihesabu ritifaa kuwa sehemu ya neno. Anayetafiti msamiati wa ndoa atajikuta na mihogo katika orodha yake.

Faili ya .bashrc na lakabu za amri

Kila mara dirisha jipya linapofunguliwa katika Linux, Bash kwa kawaida husoma faili iliyofichika iitwayo .bashrc, katika makao ya mtumiaji. Yaliyoandikwa humo huwa mazoea ya ganda. Hapa ndipo mtumiaji anapoweza kuzipa amri ndefu majina mafupi ya kwake, kama vile watunzi wetu wa mashairi wanavyojipa lakabu. Kwa mfano:

    alias tafuta='grep -n --color=auto'

Kuanzia hapo, neno tafuta litafanya kazi ya grep, likitaja namba ya mstari na kulipaka rangi neno lililopatikana. Shughuli yenye hatua kadhaa huhitaji kitu kipana zaidi, yaani kazi iliyopewa jina:

    hesabu() {
      grep -oE "[[:alpha:]']+" "$1" | tr A-Z a-z |
      sort | uniq -c | sort -nr
    }

Kazi hii hulichukua kila neno, ritifaa ikiwa ni sehemu yake, ikalishusha katika herufi ndogo, ikayapanga maneno, ikayahesabu, na kuanza na lililotumika zaidi. Amri hesabu riwaya-safi.txt itatenganisha oa na ng'oa bila kuchanganya. Mtu anayetaka maneno ishirini ya kwanza ataongeza | head -20 mwishoni.

Mpangilio wa kialfabeti nao unahitaji uangalifu. Ganda lisipoelezwa lugha, huenda likatanguliza herufi kubwa zote, hata Zanzibar ikaja kabla ya asali. Linux ina mipangilio ya Kiswahili cha Kenya na cha Tanzania, sw_KE na sw_TZ; ikishasakinishwa, mstari export LC_COLLATE=sw_KE.UTF-8 hurekebisha jambo hili.

Kuilinda data

Alama ya > iliyotumika hapo juu ni ya kuogopwa. Mwanafunzi anayeandika sort maneno.txt > maneno.txt, akidhani anaipanga orodha yake, ataipoteza yote. Ganda huifungua faili ya kupokea matokeo na kuifuta kabla sort haijaanza kusoma. Kazi ya miezi ya kukusanya methali huenda kwa mstari mmoja, wala hakuna pipa la taka la kuirejesha. Kwa sababu hiyo, mstari huu unastahili kuwa wa kwanza katika .bashrc ya mtafiti yeyote:

    set -o noclobber

Baada yake, ganda litakataa kuandika juu ya faili iliyopo kwa alama ya >, isipokuwa mtumiaji asisitize kwa >|. Orodha yenyewe ipangwe kwa sort -o maneno.txt maneno.txt. Vilevile alias rm='rm -i' hulifanya ganda liulize kabla ya kufuta.

Kero ndogondogo

Kiwamba kinachoganda baada ya kubonyeza Ctrl na S, kwa mazoea ya kuhifadhi hati, hufunguliwa kwa Ctrl na Q. Mstari stty -ixon huizuia kero hiyo isirudi. Herufi zikivurugika baada ya kufungua faili isiyo ya maandishi, amri reset huzirejesha. Bash hukumbuka amri 500 tu isipoagizwa vingine: HISTSIZE=10000 na HISTFILESIZE=10000 huongeza kumbukumbu, nayo shopt -s histappend huzuia dirisha moja kufuta kumbukumbu za jingine. Kengele inayolia kwa kila kosa hunyamazishwa kwa kuandika set bell-style none katika faili iitwayo .inputrc.

Nakala ya .bashrc ihifadhiwe kabla ya kuigusa, kwa cp ~/.bashrc ~/.bashrc.zamani, na mabadiliko yakishaandikwa yaanzishwe kwa source ~/.bashrc. Wenye tarakilishi za Mac, ambazo tangu 2019 huja na ganda la Zsh, watayaandika haya katika .zshrc, isipokuwa HISTFILESIZE na ule mstari wa histappend, ambavyo si vya Zsh. Ganda hilo halisomi .inputrc, kengele yake huzimwa kwa unsetopt beep.