Dawa Haifui Dafu Mbele ya Udongo Wenye Risasi

Walukuba ni mtaa wa wafanyakazi, uliokua pamoja na viwanda vya Jinja, Uganda, baada ya bwawa la Owen Falls kuzinduliwa mwaka 1954. Watoto wake, kama watoto wa kila mtaa, hucheza chini na kutia vidole mdomoni. Ndiyo maana wazazi wa hapa wanapaswa kuijua habari ya Owino Uhuru, Mombasa.

Huko, kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu za magari kilifanya kazi ukutani mwa makazi ya watu kati ya 2007 na 2014. Phyllis Omido, aliyeajiriwa hapo, alimuuguza mwanawe akidhani ni malaria au taifodi. Kipimo cha damu ndicho kilichofichua risasi, madini yenye sumu yaliyomo ndani ya betri hizo.

Risasi ina dawa ya kumeza, DMSA. Hunasa madini hayo katika damu na kuyatoa kwa mkojo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unapendekeza tiba ya aina hii kwa mtoto wa miaka 10 au chini yake mwenye mikrogramu 45 au zaidi kwa desilita ya damu. Dozi moja kamili huchukua siku 19. Kidonge kinanuka kama yai viza, kwa hiyo mama hukifungua na kunyunyiza unga wake kwenye chakula. Tena risasi hujificha mifupani. Dozi ikiisha, risasi hiyo hurudi damuni, na mtoto huenda akaanza upya. Akili iliyokwisha kudhurika, dawa hairudishi.

Jimbo la Zamfara, Nigeria, lilijifunza kwa machungu. Mwaka 2010 zaidi ya watoto 400 walikufa kwa vumbi lenye risasi la mawe ya dhahabu yaliyosagwa majumbani. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa na dawa, lakini watoto wa kijiji cha Bagega walisubiri mpaka udongo uliposafishwa mwaka 2013. Kumtibu mtoto kisha kumrudisha kwenye vumbi lilelile ni kazi bure.

Owino Uhuru ilibidi iende mahakamani. Julai 2020 wakazi walipewa fidia ya shilingi bilioni 1.3 za Kenya, na udongo ukaamriwa usafishwe. Mamlaka ya serikali ya mazingira ikakata rufaa. Mvutano ukafika Mahakama ya Juu.

Mzazi wa Walukuba, ukiona betri zinavunjwa au kuyeyushwa karibu na nyumba yako, mwambie mwenyekiti wa mtaa leo, na udai mwanao apimwe damu.