KIPANDE KIDOGO NDANI YA JEKI

Muhula uliopita lori la shule lilipata pancha karibu na lango, likiwa limejaa kuni. Tuliitwa wanafunzi sita kuzishusha, lakini mzee dereva alikuwa na haraka, akalitia jeki kabla kuni hazijaisha. Lori likainuka vizuri. Kisha, bila kishindo chochote, likaanza kushuka. Mzee alikuwa ameutoa mkono wake chini ya springi punde hiyo tu. Gogo moja la kuni ndilo lililoizuia ekseli isifike chini.

Jeki ilipofunguliwa karakana, ilionekana kwamba mafuta yalikuwa yakipita kando ya pistoni. Sili yake, yaani kile kipande cha duara kinachozuia mafuta yasipenye kati ya pistoni na ukuta wa silinda, ilikuwa imevimba na kuchanika kama mkate uliochovywa katika chai. Kumbe fundi mmoja wa zamani aliikata kutoka tyubu ya gurudumu.

Wasomaji wengi hawaidhanii jeki kuwa ni pampu, lakini ndivyo ilivyo. Mkono wake husukuma pistoni ndogo, nayo husukuma mafuta chini ya pistoni kubwa. Tuseme pistoni kubwa ina kipenyo cha sentimita 4, na inabeba tani 5. Mwenye kupenda hesabu na apige: kila sentimita ya mraba yabeba karibu kilo 400, kama magunia manne ya mahindi yaliyowekwa juu ya ukucha mmoja. Mafuta yaliyobanwa hivyo hutafuta upenyo hata ukiwa mwembamba kama unywele.

Taabu hii ni ya zamani. Joseph Bramah wa Uingereza alipewa hati ya kushinikiza kwa maji mwaka 1795, lakini mashine yake ilivuja. Henry Maudslay, aliyekuwa fundi katika karakana yake, ndiye anayesifiwa kwa kuitengenezea sili ya ngozi yenye umbo la kikombe. Mdomo wa kikombe huelekea upande wenye nguvu, kwa hiyo maji yenyewe huutanua na kuubana ukutani. Kadiri yanavyosukuma, ndivyo unavyozidi kuziba. Ukiigeuza sili hiyo nyuma mbele, haifai kitu. Umbo hilo latumika mpaka leo. Kilichobadilika ni kitu kinachotengenezewa.

Kitu hicho hakina budi kuwa laini, kiufuate ukuta. Tena kiwe kigumu, kisiliwe na msuguano wala kusukumwa ndani ya upenyo. Mpira wa asili ni laini sana, lakini mafuta ya mashine huingia katikati ya minyororo yake mirefu ya molekuli na kuivimbisha. Tyubu za magari nazo zina udhaifu uo huo. Vitu vyenye minyororo ya namna hiyo huitwa polima. Katika miaka ya 1930 Wajerumani walitengeneza polima iitwayo mpira wa naitrili, ambao mafuta hayo hayapatani nao, hivyo hayauingii. Lakini mafuta ya breki ni mengine kabisa, na huuharibu. Kwa hiyo anayejaza jeki yake mafuta ya breki anaiua mwenyewe.

Tarehe 6 Aprili 1938, huko Marekani, Roy Plunkett wa kampuni ya Du Pont alifungua mtungi wa gesi, na gesi haikutoka. Mizani ilionyesha kwamba mtungi haukuwa mtupu. Yeye na msaidizi wake wakaukata kwa msumeno, wakakuta unga mweupe wenye utelezi. Ndiyo Teflon, ile iliyo katika vikaango. Ungedhani sili imepata mwenyewe, kwani karibu hakuna kigumu kinachoteleza kuliko hiyo. Sivyo. Teflon tupu huchakaa upesi, na ikibanwa hutambaa polepole kama nta. Mafundi huichanganya na nyuzi za kioo, kaboni au unga wa bronzi, nayo hudumu mara nyingi zaidi. Tena haina tabia ya kurudi ikisukumwa, kwa hiyo huwekewa pete ya mpira nyuma yake iisukume ukutani. Teflon husuguana, mpira husukuma. Mpango huo ndio unaonipendeza kuliko yote.

Otto Bayer na wenzake, Ujerumani, walipata poliuretani mwaka 1937. Hiyo hunyumbuka kama mpira, lakini chembe za mchanga huikwaruza kwa shida sana, na kwa sababu hiyo hupendwa katika mashine za kuchimba barabara. Sili mpya ya jeki yetu ni ya poliuretani. Ni ndogo, yaingia katika kiganja, na mdomo wake umetazama chini kwenye mafuta. Niliangalia mwenyewe kabla haijafungwa. Mzee dereva aliijaribu chini ya lori lilelile kwa saa nzima, nalo halikushuka hata kidogo. Hata hivyo bado huweka gogo chini ya ekseli kabla ya kuingiza mkono.