Kompyuta Haizeeki Yote kwa Pamoja

Kompyuta ya ofisini iliyonunuliwa mwaka 2015 au 2016, ikiwashwa leo, huweza kuchukua dakika tatu, nne, hata tano kabla ya kukubali kufungua barua. Mwenyewe anabonyeza, inazubaa. Anabonyeza tena, inaganda. Mwishowe anatoa hukumu ambayo karibu kila mtu huitoa: imezeeka, tutafute nyingine. Hukumu hiyo ndiyo ninayoipinga hapa. Kompyuta si mnyama azeekaye meno, macho na miguu kwa wakati mmoja. Ni mkusanyiko wa vipuri, kila kimoja na umri wake, na mara nyingi sana ni kipuri kimoja tu kinachovivuta vingine vyote nyuma. Kipuri hicho kikijulikana, hubadilishwa mezani kwa fundi kwa muda usiozidi alasiri moja. Kisipojulikana, shule au familia hujikamua fedha za mashine mpya ambayo pengine itakuwa nzito kuliko ile iliyotupwa stoo.

Kwa kompyuta nyingi za umri huo, mkosaji ni diski inayozunguka. Ndani ya kisanduku chake cha chuma mna sahani nyembamba zinazozunguka bila kupumzika, na mkono mdogo unaokwenda mbele na nyuma ukitafuta mahali faili ilipo. Ni ufundi wa kuheshimiwa. IBM ilitoa diski ya kwanza ya namna hiyo mwaka 1956 na msingi wake ungali uleule. Lakini kitu kinachotembea hakiwezi kuushinda mwendo wake. Diski ya kompyuta mpakato kwa kawaida huzunguka mara 5,400 kwa dakika, yaani mara 90 kwa sekunde. Mkono huhitaji kama milisekunde 12 kufika kwenye mstari unaotakiwa, kisha husubiri sahani izunguke mpaka taarifa inayotafutwa ipite chini yake. Kwa wastani hiyo ni nusu ya mzunguko, milisekunde tano na nusu hivi. Jumla ni kama 17 au 18, maana yake ni kwamba taarifa zikiwa zimetawanyika diski hutimiza maombi yasiyofika 60 kwa sekunde. Sasa, Windows inapowaka haisomi faili moja kubwa iliyonyooka. Inaokota vipande vidogo vidogo kwa maelfu, huku na kule. Tuseme ni vipande 10,000: kwa mwendo wa 60 kwa sekunde, ni karibu dakika tatu za kusubiri. Diski ya SSD haina sahani wala mkono. Ni chipu tupu, na kipande kimoja hukipata kwa takriban sehemu moja ya kumi ya milisekunde; vipande vilevile 10,000 humalizika kwa sekunde moja. Hesabu hii nimeirahisisha, kwa kuwa prosesa nayo ina kazi zake wakati huohuo, lakini inaeleza kwa nini mashine ileile, kwa prosesa ileile na skrini ileile, huwaka kwa nusu dakika baada ya kubadilishiwa diski.

Habari njema ni kwamba huhitaji kumwamini mtu yeyote kwa maneno. Kompyuta ikiwa imekwama, bonyeza vitufe vya Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja. Litafunguka dirisha la Task Manager, nalo linaonyesha kwa asilimia ni kipuri gani kinafanya kazi na kipi kinasubiri. Ukikuta prosesa iko asilimia 15 na diski imesimama kwenye 100, umemwona mgonjwa kwa macho yako: prosesa imekunja mikono ikingoja diski. Ukikuta RAM imefika 90 na kitu, tatizo ni nafasi ya kufanyia kazi. Gigabaiti nne zilitosha zamani. Leo kivinjari chenye kurasa kumi zilizofunguliwa huzimaliza, na RAM ikijaa Windows huanza kuhamishia mzigo kwenye diski, ambayo ndiyo hiyo tumekwisha kuiona ilivyo nzito. Maradhi mawili yanalishana. Na ukikuta prosesa yenyewe imepanda hadi 100 kwa kazi ndogo huku feni ikivuma kama inataka kuruka, fungua kwanza kifuniko cha chini. Vumbi likiziba njia ya hewa, prosesa hupata joto na kujipunguzia mwendo yenyewe ili isiungue. Brashi, hewa na dawa mpya ya kupitishia joto huirudishia pumzi, na kazi hiyo fundi yeyote mzoefu anaiweza.

Wapo watakaosema kwamba prosesa ya mwaka 2015 haiwezi kuhimili programu za leo. Inafaa kukumbuka jinsi prosesa zilivyokua. Mpaka katikati ya miaka ya 2000 kila kizazi kipya kilikuja na mwendo mkubwa waziwazi kuliko kilichotangulia, na aliyekaa na mashine miaka mitano alikuwa ameachwa mbali kweli. Baadaye joto likawa ukuta. Watengenezaji wakaacha kukimbiza mwendo wa kiini kimoja, wakaanza kuongeza idadi ya viini. Ndiyo maana Core i5 ya kizazi cha sita, iliyotoka mwaka 2015, ingali inaandika barua, inapiga hesabu za Excel, inafungua tovuti ya maombi ya kazi na inaendesha darasa la mtandaoni bila kuhema. Kilichozidi ni uzito wa programu. Mwanasayansi wa Uswisi Niklaus Wirth alionya tangu mwaka 1995 kwamba programu zinakuwa nzito kwa kasi kuliko vifaa vinavyopata mwendo, na mzigo huo, kwa mtumiaji wa kawaida, unaangukia zaidi RAM na diski. Hivyo ndivyo vipuri viwili ambavyo kompyuta nyingi za zamani hukuruhusu uvibadilishe.

Mbali na kununua mpya na kubadilisha vipuri, kuna njia ya tatu inayotangazwa sana, nayo ni programu za kusafisha na kuongeza kasi. Sizipendekezi. Kuzuia programu zisizohitajika zisijiwashe pamoja na kompyuta ni jambo jema na ni bure, tena hufanyika ndani ya Task Manager hiyohiyo. Kufuta usichokitumia pia ni vyema. Lakini hakuna programu inayoweza kuifanya sahani izunguke haraka kuliko mota yake. Isitoshe, wasafishaji hao hupewa ruhusa ya kugusa kila kona ya mashine. Mwaka 2017 toleo moja la CCleaner, programu iliyokuwa na jina kubwa katika kazi hiyo, liligundulika kuwa limepachikwa programu hasidi na wavamizi, na watumiaji takriban milioni 2.27 walikuwa wamekwisha kulisakinisha.

Pingamizi linalosikika zaidi dukani ni la bei: kama kuna kompyuta mpya kabisa, ndani ya boksi, yenye dhamana, kwa fedha si nyingi, kwa nini nihangaike na ya zamani? Wahenga walishatuambia tusiache mbachao kwa msala upitao, na hapa usemi huo unaweza kupimwa kwa namba. Kompyuta mpya za bei ya chini mara nyingi huja na prosesa ya jamii ya Celeron. N4020, kwa mfano, ina viini viwili. RAM ni gigabaiti nne zilizounganishwa moja kwa moja kwenye ubao mama, na hifadhi ni chipu ya eMMC ya gigabaiti 64, nayo imeunganishwa hapohapo. Windows ikishakaa na kujisasisha mara kadhaa, nafasi imekwisha, na huwezi kuongeza chochote. Mashine hiyo ni mpya kwa rangi tu. Core i5 ya ofisini ya miaka kadhaa nyuma, ikipewa SSD na RAM ya gigabaiti nane, huiacha mbali. Ni kweli kwamba RAM yenyewe haishikiki kama zamani. Mwishoni mwa mwaka 2025 bei zake zilipanda duniani kote kwa sababu vituo vikubwa vya akili mnemba vinanunua chipu kwa wingi. Lakini bei hiyo inaipandisha pia kompyuta mpya, na SSD peke yake, hata usipogusa RAM, ndiyo inayoleta mabadiliko makubwa zaidi.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu usalama, na silichukulii kwa wepesi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 bure. Windows 11, iliyotoka Oktoba 2021, inadai chipu ya usalama ya TPM 2.0, na kwa upande wa Intel inakubali karibu kizazi cha nane kwenda mbele tu, yaani prosesa za kuanzia mwaka 2017. Kwa hiyo mashine ya mwaka 2015 inaweza kukimbia vizuri na bado ikawa mlango wazi kwa wezi. Wapo mafundi wanaoisakinisha Windows 11 kwa kuruka vizuizi hivyo. Inawezekana, ila Microsoft haiahidi kuendelea kuzipa masasisho mashine za namna hiyo, na anayefanyia mambo ya benki humo asicheze na bahati. Njia mbili ni za halali. Ya kwanza ni kujiandikisha kwenye mwaka wa ziada wa masasisho ya usalama, unaoishia tarehe 13 Oktoba 2026. Hiyo ni nafasi ya kujipanga, si makazi. Ya pili ni kuhamia Linux, kwa mfano Linux Mint au Ubuntu, ambazo ni bure, zinasasishwa kila mara na hazidai TPM. Programu huria si mgeni kwetu: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa programu ya ofisi ya Jambo OpenOffice kwa Kiswahili mwaka 2004. Kwa mwanafunzi, mwalimu au mtu wa barua pepe na kivinjari, Linux inatosha. Kwa duka la kuchapa na kutoa kopi ningesita, maana nyaraka za Word za wateja zikifunguliwa kwa LibreOffice wakati mwingine hupoteza mpangilio, na mteja mwenye haraka hataki kusikia sababu.

Basi ipo siku ya kuagana na mashine. RAM na hifadhi zikiwa zimeunganishwa kwenye ubao na hazitoshi, ubao mama ukiwa umeungua, au kazi yako ikiwa ni kuhariri video, usitupe fedha kwenye matengenezo. Hata hapo, mashine ya kutafuta si lazima iwe ya boksi. Makampuni ya Ulaya na Marekani hubadilisha kompyuta za wafanyakazi wao kila baada ya miaka michache, na nyingi huishia kwenye maduka ya Kariakoo, Dar es Salaam, au Luthuli Avenue, Nairobi, zikiwa na afya njema. ThinkPad T480 na HP EliteBook 840 G5 ni mifano mizuri: zote huweza kuwa na prosesa ya kizazi cha nane, zinaingia Windows 11, zinafunguka kwa bisibisi, na RAM na diski zake zinabadilishika. Zilijengwa zihimili kazi ya kila siku, na bawaba zake zinaonyesha hivyo.

Swali la mwisho ambalo watu huuliza ni kama SSD inaaminika, kwa kuwa nayo hufa. Hufa kweli, na ubaya wake ni kwamba huweza kuzima ghafla bila ile milio ya kugonga ambayo diski ya zamani huitoa ikikaribia kufa. Dawa yake ni nakala rudufu, na chombo cha kuiwekea tayari unacho. Diski uliyoitoa, kama ingali nzima, mwambie fundi akurudishie, uitie kwenye kasha lake la USB na uihifadhi nyumbani ikiwa na nakala ya faili zako. Usiiache kwenye meza ya fundi wala jalalani. Ndani yake mna picha za watoto, nakala za vitambulisho na pengine nywila. Dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za kielektroniki mwaka 2022, na zilizokusanywa na kurejelezwa kwa utaratibu unaojulikana hazikufika robo. Kila mashine inayoongezewa miaka minne ni moja isiyofika huko mapema.

Ukiamua kununua, nenda dukani mchana, usiwe na haraka. Soma namba ya prosesa: kwenye i5-8350U, ile 8 baada ya kistari ndiyo kizazi, na 7 hapo maana yake Windows 11 itakuwa taabu. Omba mashine izimwe na iwashwe tena mbele yako. Bonyeza vitufe vile vitatu, utazame aina ya diski na ukubwa wa RAM, kwa sababu stika ya nje huandikwa na yeyote. Chomoa chaja uone betri inashikilia au inaporomoka. Na kama ni SSD mpya unayonunua peke yake, jihadhari na ile ya ukubwa wa ajabu kwa bei ya soda: zipo zinazojitangaza kuwa na nafasi zisizokuwa nayo, na programu ya bure ya H2testw huzifichua. Muuzaji akikataa kukuwashia au kukuruhusu kupima, mwachie mashine yake.