Homa, maziwa na mahindi: kipimo kipi kinastahili hela yako Babati?

Mtu wa Babati akishikwa na homa, akili inakwenda kwanza kwenye malaria, kisha kwenye taifodi. Ni mazoea, na mazoea hayo yanamaliza hela.

Malaria haina mjadala mrefu. Kipimo cha haraka, kile kikaseti cha plastiki chenye mistari, ni bure kwenye vituo vya serikali, na majibu yanatoka ndani ya dakika 15 hadi 20. Kinatafuta protini ya kimelea, nayo inaweza kubaki kwenye damu wiki kadhaa baada ya mtu kupona. Kwa hiyo aliyemaliza dozi ya mseto majuzi ndiye anayestahili kulipia darubini, inayoonyesha wadudu wenyewe. Wengine hawana haja. Utafiti wa viashiria vya malaria wa 2017 uliiweka Manyara, mkoa ilipo Babati, kati ya mikoa ambayo maambukizi kwa watoto chini ya miaka mitano hayafiki asilimia 1. Kama hukusafiri kwenda kwenye mbu wengi na kikaseti kikasema huna, kiamini.

Biashara inaanzia hapo. "Basi tuangalie taifodi." Kinachouzwa sana ni Widal, kipimo cha tangu 1896: tone la majimaji ya damu, tone la dawa ya kupimia, kisahani kinatikiswa, mpimaji anatazama kama vimejitokeza vipunje. Bei yake ni nafuu, na mgonjwa anaondoka na karatasi ya 1:80 au 1:160 akijihesabu ana taifodi. Lakini Widal haimwoni mdudu. Inaona kingamwili, na kingamwili huweza kuwa za ugonjwa wa mwaka jana, au za bakteria wengine wanaofanana na wa taifodi. Ili namba hiyo iwe na maana, damu ipimwe tena baada ya siku kama kumi, ionekane imepanda au la. Sijui nani anarudi baada ya siku kumi, akiwa ameshapona au ameshameza dawa za watu watatu.

Kinachomwona mdudu ni kuotesha damu maabara. Ni ghali zaidi, kinasubiriwa siku kadhaa, na hata hivyo huwakosa karibu wagonjwa wanne kati ya kumi wenye taifodi ya kweli. Faida yake ni kwamba kikimpata bakteria, kinasema pia dawa gani inamuua. Mimi, homa ikipita siku tatu nne bila maelezo, ningeziweka pamoja hela za Widal mbili tatu nikaulizia kuotesha damu hospitali kubwa. Damu itolewe kabla ya antibayotiki. Ukishaanza kumeza, umelipia sahani tupu.

Ugonjwa ambao watu hawauulizii ni bruselosi, ule unaotupisha ng'ombe mimba. Mwaka 2007 na 2008 watafiti walifuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa Moshi. Waliotajiwa malaria walikuwa 528. Waliokuwa nayo kweli walikuwa 14. Kati ya waliopimwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama, zaidi ya robo walikutwa nayo, bruselosi ikiwemo. Babati, mji uliozungukwa na mifugo, sioni sababu ya kujiona tofauti. Kipimo cha kuanzia, Rose Bengal, ni cha bei ndogo na huchukua dakika nne: dawa ya rangi ya waridi, tone la majimaji ya damu, vipunje vinaonekana au havionekani. Kikiwa chanya kinahitaji cha kuthibitisha, maana matibabu yake ni wiki sita za dawa mbili, si dozi ya siku saba ya taifodi. Mwambie daktari kwamba unafuga, umezalisha ng'ombe au umekunywa maziwa mabichi. Maneno hayo hayalipiwi.

Kwa kikohozi cha wiki mbili usilipe popote: kupima TB ni bure. Ulizia mashine ya GeneXpert, inayotoa majibu chini ya saa mbili na kuona vimelea vichache ambavyo darubini haivioni. (Morogoro kuna panya buku waliofundishwa kunusa makohozi, sampuli 100 kwa dakika 20, ila wakishtukia kitu lazima maabara ithibitishe.)

Kwenye maziwa, ile laktomita ya mnunuzi inakwambia tu kama yametiwa maji. Kuhusu vijidudu haina habari. Kipo kipimo cha pete kinachokamata bruselosi kwenye maziwa, lakini hicho ni cha kundi la ng'ombe au kituo cha kukusanyia maziwa, si cha lita mbili za nyumbani. Za nyumbani zichemshe, kuni zake ni rahisi kuliko kipimo chochote. Ng'ombe akitupa mimba, hapo hela itoke: mwite afisa mifugo achukue damu ipelekwe maabara ya mifugo ya TVLA.

Mahindi ni kinyume chake, kwa sababu moto hausaidii. Sumukuvu, sumu itokayo kwenye ukungu, haiungui jikoni. Mwaka 2016 ilishambulia watu wa Dodoma na Manyara, Kiteto ikiwemo. Wagonjwa 68 waliandikwa, 20 wakafariki. Kiwango cha juu kinachokubaliwa Afrika Mashariki ni sehemu 10 kwa bilioni, na macho hayakioni. Tabu ni kwamba sumu hujikusanya kwenye punje chache, hivyo konzi moja kutoka gunia moja inaweza kutoka safi na shehena ikawa chafu. Mfanyabiashara wa lori zima achote kutoka magunia mengi, achanganye, asage, ndipo alipie. Mwenye magunia kumi ya kula nyumbani ningemwambia hela hiyo anunue turubai la kuanikia na mifuko isiyopitisha hewa, na punje zilizovunjika au zenye ukungu azitupe, asiwape hata kuku.