Alama Mbili za Beki Asiyejulikana

Ukiona jirani anakuacha nyuma katika ligi yenu ya Fantasi ya mtaani, usianze kumlaumu mshambuliaji Haaland. Haaland mnaye wote wawili. Akifunga mawili mnapanda pamoja, akikosa mnashuka pamoja. Tofauti yenu iko chini kabisa ya orodha, kwa beki wa milioni nne na nusu ambaye hakuna mtu wa Birere, hapa Goma, anayejisumbua kumtaja. Jumamosi timu yake ilichapwa mbili bila, yeye akashinda akiondosha krosi na kujirusha mbele ya mashuti, na jirani yako akavuna.

Kwa asiyeujua mchezo wenyewe: Fantasy Premier League ilianza msimu wa 2002/03, na kuucheza ni bure, jambo la maana katika mji huu ambao benki zake zilifungwa waasi wa M23 walipouteka Januari 2025. Unapewa pauni milioni 100 za kuhesabu tu, unasajili wachezaji 15 wa Ligi Kuu ya Uingereza, wasiozidi watatu kutoka klabu moja, na kazi yao ya uwanjani inakuwa alama zako. Usiuchanganye na kubeti. Hapa kinachopotea ni mega chache na heshima yako kwenye kundi la WhatsApp.

Sasa twende Marekani kidogo, kwa kuwa tatizo hili la kumpata mchezaji mwenye faida asiyetajwa wenzetu wa besiboli walikutana nalo mapema. Mwaka 1980 mwandishi Daniel Okrent na rafiki zake walianzisha ligi ya kubuni wakaiita Rotisserie, kwa jina la mkahawa wa New York walikokuwa wakikutana. Katika ligi ya namna hiyo, kila aina ya takwimu ina mbio zake. Mkiwa watu 12, anayeongoza kwa mipira iliyopigwa ikavuka uzio anapata alama 12, na anayeongoza kwa kuiba besi anapata 12 vilevile. Kuiba besi ni hivi: mkimbiaji amesimama kwenye besi ya kwanza, mrushaji anajiandaa kumrushia mpigaji, na yule mkimbiaji anachomoka kuelekea ya pili. Akifika kabla ya kuguswa na mpira, ni yake.

Wapigaji wenye nguvu wamejaa, wezi wa besi ni wachache, lakini alama ni zilezile. Hapo ndipo msako ulipoanzia. Kisha mwaka 2023 ligi kuu ya huko ikabadili kanuni: besi zikapanuliwa kutoka inchi 15 hadi 18, mrushaji akawekewa saa, na akapunguziwa nafasi za kumtisha mkimbiaji arudi nyuma. Wizi wa besi ukaruka kutoka pungufu kidogo ya 2,500 mwaka 2022 hadi zaidi ya 3,500 mwaka huo. Ronald Acuña Jr. wa Atlanta aliiba 73 na kupiga 41 nje ya uzio. Huyo ndiye Haaland wao, kila mtu anamtaka na bei yake inauma. Esteury Ruiz wa Oakland aliiba 67, lakini akavusha uzio mitano tu. Ukimchukua Ruiz unapata wizi, na unalipa kwa kila kitu kingine. Kazi ya mtaalamu ni kumpata anayeiba kiasi bila kukubomolea nyumba nzima.

Fantasi ya kandanda ilifunguliwa mlango kama huo msimu wa 2025/26. Zamani beki aliishi kwa alama nne za timu yake kutofungwa, na goli moja la kona likiingia dakika ya 88 zote zilikwenda na maji. Sasa kazi yake ya mikono, au tuseme ya miguu na kichwa, inahesabiwa. Beki akifikisha matendo kumi ya ulinzi katika mechi moja (kuondosha hatari, kuzuia shuti, kukata pasi, kumpokonya mtu mpira), anapata alama mbili. Kiungo na mshambuliaji wanatakiwa kufikisha 12, ila kwao kuokota mpira uliopotea nako kunahesabiwa. Kipa hayumo. Na ukifikisha 25 utapata mbili zilezile. Mji wetu uliomsimamishia sanamu mwendesha chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo, hauhitaji kufundishwa thamani ya mbeba mzigo, lakini nashangaa tunavyoendelea kuwapanga mabeki kwa umaarufu wa klabu.

Alama mbili zinaonekana kichele. Zihesabu kwa msimu. Beki anayezifikia katika mechi 15 kati ya 38 amekuletea 30, sawa na beki mwingine aliyefunga magoli matano. Ni mabeki wangapi hufunga matano?

Wengi hukosea kwenye wastani. Chukua mabeki wawili wa kubuni, mechi tano kila mmoja. Wa kwanza ana matendo 10, 11, 10, 4 na 10. Wa pili ana 18, 9, 17, 8 na 9. Wastani wa wa kwanza ni 9, wa pili ni zaidi ya 12, na orodha ya takwimu itamweka wa pili juu kwa mbali. Lakini wa kwanza amevuka kizingiti mara nne, alama nane. Wa pili mara mbili, alama nne. Kwa hiyo usiulize anafanya mangapi kwa wastani. Uliza anavuka mara ngapi. Swali hilo moja litakuondolea nusu ya majina.

Nusu iliyobaki ipime kwa mazingira ya kazi. Beki wa timu inayoshika mpira dakika nyingi, kama Manchester City, ana matendo machache kwa sababu hana cha kuondosha. Beki wa kati wa timu inayokaa chini na kukaribisha krosi ana kazi tele, hasa dhidi ya wapinzani wa mipira mirefu na kurusha mbali. James Tarkowski wa Everton ni mfano wa aina hii. Raha yake iko hapa: siku timu inayozingirwa inafungwa mawili, beki anakatwa alama moja, anaongezwa mbili, na zile mbili za kucheza dakika 60 zipo palepale. Akitoka salama bila goli, amekusanya nane. Hali mbili zinazopingana, na zote zinakulipa. Kwa viungo, tafuta wanaokaa mbele ya mabeki: msimu wa 2025/26 walikuwa kina Moisés Caicedo wa Chelsea na Elliot Anderson wa Nottingham Forest. Washambuliaji waache, anayefikisha 12 huwa ni bahati ya siku hiyo.

Sasa suala la moyo. Tangu Septemba 2025 Aaron Wan-Bissaka, aliyeanza msimu wa 2025/26 na West Ham, anavaa jezi ya Leopards, timu yetu ya taifa, na najua Goma nzima ingependa kumsajili, kwa kuwa kumpokonya winga mpira ndiyo sifa iliyomjenga. Subiri kwanza. Beki wa pembeni hata akiwa hodari hivyo hupata vichwa vichache vya kuondosha, na mipira anayookota haihesabiwi kwa kuwa ameandikishwa kama beki. Wa kati ndiye mwenye njia fupi ya kufika kumi, na hapo Axel Tuanzebe, mzaliwa wa Bunia, aliyeanza msimu huo na Burnley, alikuwa na hoja nzuri zaidi kila alipopangwa. Noah Sadiki wa Sunderland ni kiungo, mapafu yake hayaishi, na kwake kila mpira uliookotwa ni hesabu. Uzalendo ukikubana sana, anza na Sadiki. Ila kumbuka Kombe la Afrika likiangukia katikati ya msimu, kama lile la Morocco lililoanza Desemba 2025, hawa wote wanaondoka kwa mpigo.

Kuhusu kuhama: unaongezewa badiliko moja la bure kila wiki, unaweza kulimbikiza hadi matano, na kila la ziada linakukata alama nne. Kumnunua mtu wa alama mbili kwa kulipa nne ni hasara ya wazi, na bado watu wanaifanya kila Ijumaa usiku.

Dirisha la mabadiliko hufungwa dakika 90 kabla ya mechi ya kwanza ya wiki. Mechi ya mapema ya Jumamosi ikianza saa sita na nusu mchana kwa saa ya Uingereza, hapa kwetu mlango unafungwa saa sita kamili mchana. Wakirudisha saa zao nyuma mwishoni mwa Oktoba, inakuwa saa saba. Usiache mambo hadi dakika za mwisho mtandao unapogoma. Ukishapanga kumi na mmoja, angalia benchi: mfumo humwingiza wa kwanza anayefaa pale mchezaji wako asipogusa uwanja hata dakika moja. Nafasi hiyo ya kwanza mpe yule beki wa milioni nne na nusu, wala usimpe mshambuliaji wa akiba anayeingizwa dakika ya 85.