Sura ya Sita: Insha ya Pili Haiombi Machozi

Kila msimu wa maombi nakutana na wazazi Waswahili, wa Minneapolis, wa Columbus, wa Houston, ambao mtoto wao ameshapata shahada ya kwanza, ameshafanya MCAT, mtihani wa kuingilia udaktari, na ameshatuma maombi ya shule ya udaktari. "Alama zake nzuri, keshatuma, sasa tunasubiri tu," huniambia. Hapo hapana cha kusubiri. Sehemu ngumu kuliko zote ndiyo kwanza inaanza, na kijana anayedhani kazi imekwisha anaweza kupoteza mwaka mzima kati ya Julai na Agosti.

Sishangai wazazi kuamini hivyo. Aliyesomea Tanzania au Kenya anajua kwamba mwanafunzi wa sayansi akifaulu vizuri kidato cha sita au KCSE, anaingia udaktari moja kwa moja, na kinachoshindana ni alama. Marekani alama zinakufikisha mlangoni tu. MCAT huanzia 472 na kuishia 528, na kila mwaka wapo waombaji wenye alama za juu kabisa wanaokosa nafasi kila walikoomba. Msomaji aliyeko Dar es Salaam au Nairobi aongeze hili: shule nyingi za udaktari za Marekani hazipokei kabisa mtu asiye raia wala mkazi wa kudumu, na baadhi ya chache zinazopokea hudai fedha za masomo ziwekwe benki mapema.

Utaratibu wenyewe ni mfupi kueleza. Maombi ya awali, kwa shule nyingi, hupitia mfumo mmoja uitwao AMCAS. Humo kuna maelezo binafsi yasiyozidi herufi 5,300 na orodha ya shughuli zisizozidi 15, na shule zote ulizochagua husoma maandishi yaleyale. Mwishoni mwa Juni mfumo huo huanza kuyafikisha shuleni, kisha kila shule inakuandikia kwa maswali yake yenyewe. Majibu ya maswali hayo ndiyo insha za awamu ya pili, au insha za pili kama vijana wanavyoziita. Shule chache huchuja kwanza. Nyingi hutuma maswali kwa karibu kila mwombaji na kutoza ada, mara nyingi kati ya dola 50 na 150. Mwombaji wa kawaida huomba shule kama 18. Kila moja ikiuliza maswali matatu, ana insha 54 za kuandika katika wiki chache. Familia yenye kipato kidogo iombe msaada wa ada wa AAMC, muungano wa vyuo vya udaktari unaoendesha AMCAS, kabla ya kutuma maombi ya awali, kwa sababu msaada huo haurudi nyuma kulipia kilichokwisha kulipwa.

Sasa shika jambo moja, kwa kuwa sura nzima imelibeba. Maombi ya awali yanauliza wewe ni nani na kwa nini unataka udaktari. Insha za pili zinauliza swali jingine: shule hii ipo kwa ajili ya kazi fulani, je, umeshafanya nini kinachoonyesha kwamba kazi hiyo utaiweza? Jibu la swali hilo ni matendo. Nitapitia aina nne za maswali yanayojirudia: shida uliyopitia, kwa nini shule yetu, utachangia nini, na je, kuna jambo jingine.

Swali la shida

Hapa ndipo uchuuzi wa upuuzi ulipokithiri. Wapo washauri wa kulipwa wanaowafundisha vijana wetu kwamba jopo la udahili linataka kulia. Kijana aliyekulia nyumba yenye amani anaambiwa atafute msiba, na aliyetoka kambi ya wakimbizi anaambiwa autandaze msiba wake wote mezani. Mafundisho haya yanawadhuru vijana, na yananiudhi. Yanamgeuza mwombaji kuwa mtu wa kuhurumiwa, wakati shule inatafuta mtu wa kukabidhiwa wagonjwa.

Tumfikirie binti mmoja. Amezaliwa Nyarugusu, mkoani Kigoma, kwa wazazi waliokimbia vita Kongo, na familia yake ikahamishiwa Boise, jimbo la Idaho, ambako Wakongo wengi wanaozungumza Kiswahili wamepewa makazi. Rasimu yake ya kwanza inasema hivi: tulikulia kambini, chakula kilikuwa kidogo, nikaona watu wakifa kwa magonjwa yanayotibika, nikaapa kuwa daktari. Yote ni kweli. Lakini robo tatu ya nafasi imekwisha, na bado hatujamwona akifanya lolote. Tumeona kambi, yeye mwenyewe hatujamwona.

Rasimu ya pili inaanzia Boise. Ana miaka kumi na minne, amesindikiza shangazi yake kliniki, na nesi anamwomba atafsiri. Anatafsiri maswali kuhusu damu ya hedhi na mimba zilizoharibika, mambo ambayo shangazi hangeyasema kamwe mbele ya mtoto, na anaona shangazi akijibu "hapana" kwa kila kitu. Miaka baadaye, akiwa chuoni, anajifunza kwamba kanuni za serikali ya Marekani zinaikataza hospitali inayopokea fedha za umma kumtumia mtoto kama mkalimani, isipokuwa kwa dharura, na kwamba mgonjwa ana haki ya mkalimani aliyefunzwa bila kulipa. Anachukua mafunzo ya ukalimani wa tiba ya saa 40. Anatengeneza kadi ndogo yenye sentensi moja ya Kiingereza, "Nazungumza Kiswahili, naomba mkalimani", na kuigawa kanisani kwao. Baadaye anaanza kuwauliza akina mama kama waliitumia, na wanapomwambia dawati la mapokezi haliisomi, anakwenda kuzungumza na meneja wa kliniki.

Angalia kilichobadilika. Shida imechukua kama robo ya insha. Robo tatu zilizobaki ni hatua alizochukua, na mojawapo ilikwama kabla hajaipatia njia. Jopo limeona mtu anayegundua tatizo, anayejifunza sheria, anayejaribu, anayerudi kuuliza kama jaribio limefaa. Hiyo ndiyo tabia ya daktari. Kambi haijafichwa, imepewa sentensi moja, na inatosha.

Jambo la mwisho kuhusu swali hili. Utakachoandika utaulizwa kwenye mahojiano, mara nyingi na mtu usiyemjua. Wahenga walisema mwenye kovu usidhani kapoa. Kama jeraha bado linakutoa machozi, chagua jingine. Hakuna shule yenye haki ya kudai uchungu wako wa ndani kabisa.

Kwa nini shule yetu

Swali hili nilikusudia kulimaliza kwa aya mbili, lakini kuna mfano ninaoupenda mno, siwezi kuupita mbio.

Mwaka 1971 Shule ya Udaktari ya Chuo Kikuu cha Washington, iliyoko Seattle katika jimbo la Washington, ilianzisha mpango wa kusomesha madaktari wa majimbo jirani. Wakati ule Alaska, Montana na Idaho hazikuwa na shule ya udaktari hata moja. Wyoming ilijiunga mwaka 1996, na kutokana na herufi za kwanza za majimbo matano mpango ukaitwa WWAMI. Mpaka leo Alaska na Wyoming hazina shule yao. Alaska peke yake inakaribia kuwa na ukubwa wa Tanzania mara mbili, na vijiji vyake vingi havifikiki kwa barabara.

Waanzilishi walitambua jambo ambalo kila nchi yetu inalijua: mtoto wa kijijini akienda kusomea udaktari jiji kubwa, harudi. Kwa hiyo badala ya kumjengea kila mtu darasa Seattle, walipeleka shule kwa wanafunzi. Mwanafunzi wa Montana anaanza masomo Bozeman, wa Wyoming Laramie, wa Alaska Anchorage, wa Idaho kwenye mji uitwao Moscow, wenye jina moja na mji mkuu wa Urusi. Wanapofika hatua ya wodini, hutawanywa katika hospitali na kliniki za majimbo yote matano, zikiwemo za miji midogo ambako daktari mmoja anazalisha, anashona majeraha na anatibu sukari ya wazee siku hiyohiyo. Majimbo huchangia fedha za nafasi hizo, na Wyoming inamtaka mhitimu arudi kuhudumia jimbo kwa miaka mitatu, la sivyo alipe deni.

Ukishajua haya, ni rahisi kuona kwa nini insha nyingi zinazopelekwa Seattle zinashindwa. Mwombaji anasifu maabara mashuhuri, anataja maprofesa aliowaona kwenye tovuti, anasema anapenda mazingira ya ushirikiano. Hajagusa sababu ya shule hiyo kuwa na sura iliyo nayo. Binti wetu wa Boise ni mkazi wa Idaho, na shule hiyo inawapa kipaumbele wakazi wa majimbo hayo matano. Aandike kwamba Boise na Twin Falls zina familia zinazozungumza Kiswahili, na kwamba yeye amewahi kuwatumikia katika lugha hiyo. Aandike kwamba alifanya kazi majira ya joto kama msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya wazee Twin Falls, akaona wazee wa mashambani wakisafirishwa saa kadhaa kumwona daktari wa moyo. Kisha aseme wazi kwamba yuko tayari kujifunzia katika mji mdogo, kwa kuwa ameshaishi na kufanya kazi humo. Hapo sababu za shule na matendo ya mwombaji vimekutana, na hapana haja ya sifa.

Insha hiyohiyo ikipelekwa Cleveland Clinic Lerner College haitafaa. Shule hiyo, iliyo chini ya Case Western Reserve, ni ya miaka mitano na ipo kuwaandaa madaktari watafiti. Huko anatakiwa aonyeshe swali la utafiti aliloshughulikia, data zilizomkatalia, na alichofanya zilipomkatalia. Ikipelekwa Morehouse School of Medicine kule Atlanta, atilie mkazo huduma ya msingi kwa jamii zisizo na madaktari wa kutosha, na kadi zake za ukalimani zitakaa mbele kabisa. Maisha ni yaleyale; kinachobadilika ni kipande kinachojibu kazi ya shule husika. Futa jina la shule kwenye insha yako na uweke la nyingine. Ikiwa bado inasomeka sawa, anza upya.

Utachangia nini

Siku ya 29 Juni 2023, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba vyuo haviwezi tena kumpa mwombaji uzito kwa sababu ya rangi yake. Ilikuwa wiki ileile maswali ya insha za pili yanapoanza kutumwa, na tangu hapo uvumi umeenea miongoni mwetu kwamba kijana mweusi akitaja asili yake atakataliwa. Si kweli. Hukumu hiyohiyo, iliyoandikwa na Jaji Mkuu John Roberts, inaruhusu mwombaji kueleza jinsi rangi ilivyogusa maisha yake, ili mradi ihusishwe na sifa au uwezo alionao yeye binafsi.

Kwa hiyo "mimi ni Mwafrika, nazungumza lugha tatu" ni mwanzo tu wa jibu. Endelea: lugha hizo umezitumia wapi, kwa nani, na darasa litapata nini kutoka kwako siku mtakapokaa na mgonjwa asiyeamini hospitali? Na kijana ambaye hana historia ya uhamiaji asihangaike. Aliyemlea bibi mwenye kiharusi, aliyefundisha hesabu gerezani, aliyeendesha duka la familia, ana la kuchangia.

Mambo yanayouzwa

Kabla ya swali la nne, nizungumze na mzazi mwenye pochi mkononi. Anayekuuzia insha "zilizokubaliwa" anakuuzia maisha ya mtu mwingine, na anayekuambia yapo maneno ya siri yanayofungua milango anakudanganya. Akili mnemba nayo ina mpaka wake: AMCAS inakubali itumike kuchangamsha mawazo au kukagua lugha, ila maandishi ya mwisho lazima yawe kazi yako na yaonyeshe uliyoyapitia wewe.

Vilevile, kanuni ya kurudisha majibu ndani ya siku 14 imegeuzwa kuwa amri. Ukweli ni kwamba shule nyingi hutoa nafasi za mahojiano kadiri maombi yanavyoingia, kwa hiyo kuwahi kunafaa. Lakini insha nzuri ya siku ya ishirini inaishinda mbovu ya siku ya tatu. Fuata tarehe iliyotajwa na shule yenyewe. Maswali mengi hayabadiliki sana mwaka hadi mwaka, basi anza kuandika Mei. Na ukiandika, kumbuka kwamba kila herufi, nukta na nafasi tupu inahesabiwa. Neno kubwa la Kiingereza lililookotwa kwenye kamusi linakula nafasi ya tendo moja zima.

Je, kuna jambo jingine?

Swali hili ni la maelezo, halina alama za bonasi. Muhula uliofeli kwa sababu baba aliugua, mwaka uliosimamisha masomo ukafanya kazi ya ghala kulipa kodi ya nyumba: eleza kwa sentensi chache, taja tarehe, sema kilichobadilika baada ya hapo, kisha funga. Kama huna cha kueleza, acha wazi, na muda huo upeleke kwenye insha ya shule inayofuata.