Mchezaji Hauzwi, Kinachouzwa ni Mkataba

Siku hizi redio hutangaza habari za mpira wa wanawake. Tunasikia: "Fulani ameuzwa Ulaya." Kisha tunasikia: "Fulani amenunuliwa na Waarabu." Baadhi ya wazee huuliza: "Binti wa watu anauzwaje?"

Swali hili si la ujinga. Sisi wa Tabora tuna haki ya kuliuliza kuliko watu wengi. Katika mji huu neno "kuuzwa" ni neno zito. Basi leo tueleze kazi ya mchezaji wa mpira anayesafiri nchi hata nchi. Tueleze nini kinauzwa, na nini hakiuzwi.

NJIA YA ZAMANI

Zaidi ya miaka 150 iliyopita, Tabora ilikuwa kituo kikubwa cha misafara. Njia ilitoka Bagamoyo, ikapita Ugogo, ikafika hapa Unyanyembe. Kutoka hapa njia iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika. Nyingine ilikwenda kaskazini, upande wa Ziwa Viktoria.

Katika njia hiyo walipita watu wa aina mbili. Walikuwapo watumwa. Hao walikamatwa, wakanunuliwa, wakauzwa. Hakuna aliyewauliza kama wanataka kwenda.

Walikuwapo pia wapagazi. Wengi wao walikuwa Wanyamwezi. Mpagazi alibeba mzigo wa kilo 30 hivi kwa miezi miwili au mitatu. Lakini yeye alikubali mwenyewe. Alipatana ujira wake, mara nyingi nguo za merikani. Alipatana posho ya njiani. Akinyimwa posho, aliweza kuweka mzigo chini. Wapagazi wote wakiweka mizigo chini, msafara ulisimama. Tajiri alilazimika kuzungumza nao.

Wote hawa wawili walitembea njia moja. Wote waliweza kubeba pembe za ndovu. Tofauti yao ilikuwa nini? Haikuwa mzigo. Tofauti yao ilikuwa mapatano.

Shika neno hilo, ndugu msomaji: mapatano. Siku hizi mapatano ya kazi yakiandikwa, huitwa mkataba.

SAFARI YA AISHA MASAKA

Sasa tutazame binti mmoja wa Tanzania. Jina lake ni Aisha Masaka. Yeye ni mshambuliaji, yaani kazi yake ni kufunga magoli. Alizaliwa Novemba 2003.

Aisha hakuanzia Ulaya. Alichezea Alliance Girls ya Mwanza. Halafu alikwenda Dar es Salaam kuchezea Yanga Princess. Katika msimu wa 2020/21 alikuwa mfungaji bora wa Ligi Kuu ya Wanawake. Alifunga zaidi ya magoli 30. Ligi hiyo yenyewe ni changa, ilianza mwaka 2016. Kabla ya hapo msichana mwenye kipaji alicheza, lakini hakuwa na ligi ya taifa ya kumwonyesha.

Mwanzoni mwa mwaka 2022 Aisha alikwenda Sweden. Alijiunga na klabu ya BK Häcken, katika mji wa Göteborg. Sweden ni nchi ya baridi kali. Lugha ni nyingine, chakula ni kingine. Akiwa huko alicheza katika Ligi ya Mabingwa ya Wanawake ya Ulaya. Mwaka 2024 alihamia Uingereza, klabu ya Brighton. Akawa Mtanzania wa kwanza kusajiliwa na klabu ya Ligi Kuu ya Wanawake ya huko.

Hesabu vituo vyake: Mwanza, Dar es Salaam, Göteborg, Brighton. Ni safari ndefu kuliko ya msafara wowote uliotoka Unyanyembe.

Wala hakuwa peke yake njiani. Clara Luvanga alitoka Yanga Princess. Mwaka 2023 alikwenda Logroño, nchini Hispania. Mwaka huohuo akajiunga na Al Nassr ya Saudi Arabia. Opa Clement alitoka Simba Queens. Yeye amecheza Uturuki, China na Mexico.

Mabinti hawa huitwa nyumbani kuchezea timu ya taifa, Twiga Stars. Julai 2025 Twiga Stars ilikwenda Morocco kucheza mashindano ya wanawake ya Afrika. Ilikuwa mara yake ya pili kufika huko. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka 2010, Afrika Kusini. Huko Morocco timu yetu ilitoka sare 1–1 na Afrika Kusini. Goli letu alilifunga Opa Clement.

NINI KINAUZWA?

Haya, turudi kwenye swali letu. Mchezaji anauzwa?

Hapana. Mchezaji hauzwi. Mchezaji ni mfanyakazi. Anaandikiana mkataba na klabu. Mkataba unasema atafanya kazi kwa muda gani na atalipwa nini.

Tuseme mkataba ni wa miaka mitatu. Mwaka mmoja umekwisha, imebaki miwili. Inakuja klabu nyingine inamtaka. Klabu yake inasema: "Huyu bado ana miaka miwili na sisi. Mkimtaka sasa, tulipeni." Fedha hiyo inayolipwa ni ya kuvunja muda uliobaki. Hiyo ndiyo watu wanaita "kuuzwa".

Angalia mambo matatu hapa.

Kwanza, mchezaji mwenyewe lazima akubali. Klabu mbili haziwezi kupatana juu yake bila sahihi yake. Akikataa, haendi.

Pili, fedha ya uhamisho huenda kwa klabu aliyotoka. Mchezaji hupata mshahara wake na fedha nyingine zilizoandikwa katika mkataba wake mpya. Kwa hiyo ukisikia redioni kwamba binti wa jirani "ameuzwa kwa mamilioni", usikimbilie kumwomba mkopo mama yake. Pengine mamilioni hayo hakuyaona.

Tatu, mkataba ukiisha, mchezaji ni huru. Anaweza kwenda klabu nyingine bila klabu ya zamani kulipwa fedha ya kuvunja mkataba. Kumbe basi tarehe ya mwisho wa mkataba ni jambo kubwa sana. Asiyejua kuisoma hajui siku ya uhuru wake.

UMRI NI SHERIA

Mpira wa dunia nzima unasimamiwa na chama kinachoitwa FIFA. Hapa kwetu kuna TFF. FIFA wana sheria kuhusu wachezaji wanaovuka mipaka ya nchi.

Sheria moja inasema: mchezaji asihamishwe kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18. Kuna nafasi chache za pekee. Kwa mfano, wazazi wakihamia nchi nyingine kwa sababu zao ambazo si za mpira, mtoto anaweza kucheza huko.

Sasa tazama tena tarehe za Aisha. Alitimiza miaka 18 Novemba 2021. Alijiunga na klabu ya Sweden mwanzoni mwa 2022. Umeona? Sheria ilifuatwa.

Kwa nini sheria hii iliwekwa? Kwa sababu watoto wengi walidanganywa. Walipelekwa nchi za mbali kwa ahadi ya mpira. Wakifika huko, hawakuona klabu wala mshahara. Wengine waliachwa mjini bila nauli ya kurudi.

Basi akija mtu akisema atampeleka binti yako wa miaka 15 kucheza Ulaya, jua kwamba kuna kasoro. Hata akivaa suti. Hata akija na gari.

KARATASI TATU

Mchezaji anayekwenda kufanya kazi nje anahitaji karatasi kadhaa. Hizi tatu ni kubwa.

1. Mkataba. Uwe umeandikwa. Uonyeshe jina la klabu, mshahara, tarehe ya kuanza na tarehe ya kuisha. Mkataba wa mchezaji kwa kawaida hauzidi miaka mitano. Kwa mchezaji aliye chini ya miaka 18, hauzidi miaka mitatu.

2. Hati ya uhamisho wa kimataifa. Watu wa mpira huiita ITC. Hati hii hutolewa na chama cha mpira cha nchi anayotoka. Kwetu ni TFF. Bila hati hii, klabu ya nje haiwezi kumsajili. Mtu akikuambia kwamba TFF hawahusiki, mshukuru, kisha mwonyeshe mlango.

3. Pasipoti na kibali cha kufanya kazi. Ruhusa ya kutembea si ruhusa ya kufanya kazi. Aliyeingia kama mgeni wa matembezi akaanza kazi anaweza kurudishwa kwao.

Yupo pia mtu anayeitwa wakala. Huyu humtafutia mchezaji klabu, naye hulipwa kwa kazi hiyo. Wakala wa kweli ana leseni. Tangu mwaka 2023 FIFA wanataka wakala afanye mtihani na kufaulu kabla ya kupewa leseni. Muombe akuonyeshe leseni. Wakala mwema hakasiriki akiulizwa.

HAKI ZA MCHEZAJI MWANAMKE

Mpagazi wa zamani aliweka mzigo chini akinyimwa posho. Mchezaji wa leo naye ana njia yake. Klabu isipomlipa mishahara ya miezi miwili, anaiandikia barua. Anaipa siku 15 kulipa deni. Isipolipa, sheria ya FIFA inamruhusu kuvunja mkataba na kuondoka.

Lipo pia jambo la uzazi. Zamani mchezaji mwanamke akipata mimba, kazi yake iliweza kuisha hapohapo. Tangu mwaka 2021 sheria ya FIFA imebadilika. Mchezaji ana haki ya likizo ya uzazi isiyopungua wiki 14. Katika likizo hiyo analipwa angalau theluthi mbili ya mshahara wake. Klabu haina ruhusa ya kumwachisha kazi kwa sababu ya mimba.

Haki hizi zipo kwenye maandishi. Lakini mwenye haki asiyejua kwamba anayo ni kama mtu mwenye njaa aliyekalia gunia la mahindi.

TUSEME NI BINTI YAKO

Sasa tulete jambo hili nyumbani. Tuseme binti yako yuko Urambo, au Sikonge, au Nzega. Anapenda mpira. Anafunga magoli kuliko wavulana. Siku moja anakuja mgeni na karatasi. Anasema: "Mama, weka sahihi hapa. Upesi, nawahi treni."

Subiri kwanza. Fikiri jinsi unavyouza tumbaku yako. Unatazama mizani. Unatazama daraja la kila mtumba. Hukubali kuambiwa tu, "Niamini." Kama tumbaku ya msimu mmoja unaikagua hivyo, miaka mitatu ya mwanao je?

Uliza maswali haya:

Klabu gani? Iko mji gani, nchi gani?
Mshahara ni kiasi gani, na utalipwa lini?
Mkataba unaanza lini na unaisha lini?
Akiumia goti, nani analipa hospitali?
Shule yake itakuwaje?
Nauli ya kurudi nyumbani ni ya nani?

Kama karatasi ni ya Kiingereza, usione haya. Ipeleke kwa mwalimu, au kwa mwanasheria, au kwa chama cha mpira cha mkoa. Omba nakala ubaki nayo. Lala nayo usiku mmoja. Kazi ya kweli haitakimbia kwa sababu mama mmoja ameomba siku moja ya kusoma.

Jambo la shule lisisahaulike. Miguu haichezi milele. Wachezaji wengi huacha mpira katika miaka ya 30 na kitu. Wengine huumia mapema zaidi. Anayejua kusoma, kuandika na kuhesabu ataweza kuwa mwalimu wa mpira, mwamuzi, au kufanya kazi nyingine.

Wala hatusemi uwafungie mabinti ndani. La, hasha. Babu zetu hawakuogopa safari. Kijana wa Kinyamwezi aliyefika pwani na kurudi alipewa heshima kijijini. Na wanawake pia walisafiri na misafara ile. Safari si mbaya. Kibaya ni kwenda bila kujua umekubali nini.

Ndugu msomaji, ulipojifunza kusoma, pengine ulitaka kusoma barua zako na mabango ya njiani. Sasa umejua kwamba kusoma kwako kunaweza kumlinda mwanao mpaka Göteborg. Mwache acheze. Mkataba ukija, usomeni pamoja.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Mpagazi na mtumwa walitembea njia moja. Tofauti yao ilikuwa nini?
2. Watu wanaposema mchezaji "ameuzwa", ni kitu gani hasa kimelipiwa?
3. Kwa nini FIFA hawaruhusu mchezaji wa miaka 15 ahamishiwe klabu ya nchi nyingine?
4. Je, kijijini kwenu wasichana wana uwanja na muda wa kucheza? Mnaweza kufanya nini?
5. Taja karatasi nyingine ambazo watu huweka sahihi bila kuzisoma. Hasara gani hutokea?